Zumaridi Huoteshwa: Majibu kwa Wasomaji Wanaocheza Minecraft

Barua za safari hii zimekuja na mada moja kana kwamba mliambizana: biashara na uundaji wa vitu katika Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kuchimba na kujenga. Nimefurahi sana. Wapo wanaocheza kwa ajili ya vita na wapo wanaopenda kujenga majumba. Mimi kinachonivuta kila nikifungua mchezo ni kijiji na meza ya kuundia. Nimechagua barua saba. Nyingine zinafanana nazo, kwa hiyo hata kama yako haipo hapa, huenda jibu lako lipo.

Dada, shikamoo. Nimecheza muda mrefu na sijawahi kununua kitu kijijini, maana kila mtu anataka zumaridi. Nimechimba hadi chini kabisa, napata chuma, dhahabu, hata almasi, lakini madini ya zumaridi nimeyaona kwa nadra mno. Wenzangu wana masanduku yamejaa. Wanachimba wapi? — Mchimbaji aliyechoka

Marahaba, mdogo wangu. Weka sululu chini kwanza. Wenzako hawachimbi. Madini ya zumaridi yapo milimani tu, na hata huko ni machache, hivyo anayetegemea kuyachimba atabaki kuwatazama wanakijiji bila kununua kitu. Zumaridi ya kweli hutoka shambani na msituni, kwa sababu wanakijiji wenyewe ndio wanaoitoa. Unawauzia bidhaa, wanakulipa zumaridi, kisha unaitumia kwa wengine.

Anza na fundi mishale. Katika ngazi yake ya kwanza (mwanakijiji hupanda ngazi kadiri unavyofanya naye biashara) mara nyingi hununua vijiti: 32 kwa zumaridi moja. Sasa fuata hesabu nami. Gogo moja linatoa mbao nne. Mbao mbili zinatoa vijiti vinne. Kwa hiyo gogo moja ni vijiti vinane, na magogo manne ni zumaridi moja. Fundi mishale hukubali biashara hiyo mara 16 kabla hajaifunga, maana yake rundo moja la magogo 64 linakwisha sawasawa na kukuachia zumaridi 16. Ukipanda miche minne ya sprusi katika mraba wa mbili kwa mbili, utapata mti mmoja mnene ambao peke yake unakupa magogo ya kutosha siku nzima ya biashara. Miche inarudi yenyewe kutoka kwenye majani. Hapo hakuna kilichopungua duniani mwako.

Mkulima ananunua ngano 20, au karoti 22, au viazi 26, au viazisukari 15, kwa zumaridi moja. Inategemea amezaliwa na orodha ipi. Akipanda ngazi hununua maboga sita, na baadaye matikitimaji manne, na hayo mawili ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwani shina halipandwi tena. Unavuna, linazaa lingine. Mkutubi ananunua karatasi 24, na karatasi ni miwa mitatu kwa karatasi tatu. Kata muwa kuanzia pingili ya pili, uache ya chini, nao utaota upya bila wewe kufanya lolote. Kasisi ananunua nyama iliyooza, 32 kwa zumaridi moja, ile ile ambayo wengi huitupa baada ya kupigana na mazombi usiku.

Kuna biashara moja watu huipita bila kuiona, nami nataka uijue mapema. Mchoraramani, akifika ngazi ya pili, hununua vioo vyembamba vya dirisha, 11 kwa zumaridi moja. Kioo ni mchanga uliochomwa. Vioo sita vizima kwenye meza ya kuundia vinakuwa vyembamba 16. Chota mchanga 66, uchome wote, upate vyembamba 176: hizo ni zumaridi 16. Ona kilichotokea hapo. Mchanga wenyewe hakuna anayeutaka kijijini, lakini umepita tanuruni, ukapita mezani, na kila hatua imeuongezea thamani. Ndiyo maana siwezi kutenganisha uundaji na biashara. Anayeuza malighafi anauza jasho lake tu. Anayeunda kwanza anauza pia akili yake.

Tanuru nalo lina siri yake. Wahunzi wote watatu, wa deraya, wa zana na wa silaha, hununua makaa ya mawe 15 kwa zumaridi moja, ila mkaa wa miti hawaupokei kabisa. Tanuru halijali: makaa ya mawe huchoma vitu vinane, na mkaa wa miti vinane vilevile. Basi choma magogo upate mkaa wa kutumia nyumbani, na makaa ya mawe uyapeleke kwa mhunzi.

Habari Dada. Mimi nikipata almasi natengeneza zana zote mara moja: sululu, shoka, koleo, jembe, upanga. Kaka yangu anasema napoteza. Nani yuko sahihi? — Mdogo wa nyumbani

Kaka yako. Tazama uimara wa sululu kwanza: ya mti inavumilia matumizi 59, ya jiwe 131, ya chuma 250, ya almasi 1,561. Ya dhahabu ni 32 tu, inachimba haraka ila haikai. Sululu yoyote inataka vipande vitatu vya malighafi na vijiti viwili. Mawe matatu ya kawaida, ambayo umeyakanyaga tangu asubuhi, yanakupa matumizi 131. Kwa kazi ya kawaida ya kuchonga mahandaki, jiwe linatosha na halikuumizi moyo likivunjika. Chuma unakihitaji kwa sababu bila sululu ya chuma huwezi kuivuna almasi: ukiipiga kwa sululu ya jiwe inapotea bure.

Almasi tatu za kwanza ziende kwenye sululu. Mbili zinazofuata, pamoja na kitabu kimoja na obsidiani nne, ziende kwenye meza ya kurogea vifaa, inayovipa nguvu za ziada. Subiri sululu yako ipate nguvu ya Fortune ya tatu kabla hujavunja almasi zaidi, kwani nguvu hiyo huongeza mavuno hadi zaidi ya mara mbili kwa wastani. Ukiona almasi ukutani na huna Fortune, weka alama, izungushie mienge, uondoke. Haitakimbia.

Jembe la almasi usiliunde hata siku moja kwa almasi zako. Na hapa narudi kijijini: mhunzi wa zana huuza jembe la almasi akifika ngazi ya tatu, shoka na koleo vya almasi vyenye nguvu tayari akifika ya nne, na sululu akifika ya tano. Mhunzi wa deraya huuza suruali na viatu vya almasi ngazi ya nne, kofia na kifuani ngazi ya tano. Yote kwa zumaridi. Deraya kamili ya almasi kwa mkono inakula almasi 24. Kwa mhunzi inakula miti na miwa.

Mhunzi huyohuyo wa deraya, katika ngazi ya tatu, atakuomba almasi moja kwa zumaridi moja. Mkatalie. Zumaridi hiyo ungeipata kwa magogo manne. Almasi zako zina kazi kubwa mbele: tangu mwaka 2023, kupandisha kifaa hadi netheraiti, malighafi iliyo imara kuliko almasi, kunahitaji kielelezo maalumu kinachopatikana kwenye magofu ya piglini, wale viumbe wanaofanana na nguruwe, na kukinakili kielelezo hicho ili upate cha pili kunakula almasi saba kila mara. Aliyemaliza almasi zake kwenye majembe hujuta akifika hapo.

Mwandishi, naomba msaada. Mwanangu anacheza na binamu zake na wananiletea kesi kila jioni. Wanasema kijiji "kimepandisha bei" na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Sichezi lakini nataka kujua: bei inapandaje kwenye mchezo? — Mama wa watatu

Mama, kesi zako zina msingi. Bei hupanda kwa njia mbili tofauti kabisa, na ndiyo maana wanalaumiana bila kuelewana.

Njia ya kwanza haina mkosaji. Kila bidhaa ina idadi ya mara inazoweza kuuzwa kabla haijafungwa, kwa kawaida 12 au 16. Mwanakijiji akifika kwenye kituo chake cha kazi hujaza upya, hadi mara mbili kwa siku ya mchezo, ambayo ni dakika 20 za saa yako ya ukutani. Anapojaza, anakumbuka walivyokuwa na haraka. Katika toleo la Java, lile la kompyuta, bidhaa iliyotumika zaidi ya nusu ya nafasi zake huongezeka bei. Iliyotumika chini ya nusu hupoa. Kama watoto wanamuuzia fundi mmoja wa mishale vijiti hadi anafunga, kila siku, basi kesho atataka vijiti vingi zaidi kwa zumaridi ileile. Dawa yake ni kuwa na mafundi wawili. Rundo la magogo 64 ligawanywe: mara nane kwa huyu, mara nane kwa yule. Zumaridi ni zilezile 16 na bei haisogei.

Njia ya pili ina mkosaji. Wanakijiji wana kumbukumbu na wanasengenyana. Ukimpiga mmoja, anakukumbuka kwa ubaya. Ukimuua mmoja mbele ya wengine, ni kosa kubwa zaidi, na wanapokutana wanaambiana. Kumbukumbu hiyo ni ya mtu mmoja mmoja: aliyempiga ndiye anayepandishiwa bei, si binamu yake. Na akizidisha, lile sanamu la chuma linalolinda kijiji linaweza kumgeukia. Kwa hiyo, mama, jaribu hivi: kila mtoto afungue biashara ya mwanakijiji yuleyule kwa zamu. Ikiwa bei imepanda kwa wote sawa, ni haraka yao ya kuuza. Ikiwa imepanda kwa mmoja, muulize huyo kwa upole alifanya nini.

Ubaya huo hupungua wenyewe kadiri siku zinavyopita, na kila biashara ya haki huongeza sifa njema kidogo. Njia kubwa zaidi ya kupata sifa ni kuponya. Zombi akimuua mwanakijiji, katika kiwango cha ugumu wa kawaida mwanakijiji huyo ana nusu ya uwezekano wa kugeuka zombi. Katika ugumu wa juu hugeuka hakika. Katika ule rahisi hufa tu. Aliyegeuka anaweza kurudishwa: arushiwe chupa ya dawa ya udhaifu, kisha alishwe tofaa la dhahabu. Tofaa hilo ni tofaa moja lililozungukwa na vipande vinane vya dhahabu kwenye meza ya kuundia. Dawa inatokana na jicho la buibui lililochachushwa, ambalo ni jicho lenyewe, uyoga wa kahawia na sukari, likachemshwa katika chupa ya maji, kisha likaongezwa baruti ili chupa iweze kurushwa. Akishaanza kutetemeka, wasubiri dakika chache. Katika Java ni kati ya tatu na tano. Vyuma vya dirisha na vitanda vikiwa karibu, hupona upesi zaidi. Akipona, aliyemponya hupewa bei ya chini sana, na majirani zake pia humpunguzia.

Kama watoto wako wanataka kupatana, wapeni kazi hiyo waifanye pamoja: mmoja atafute dhahabu, mmoja achemshe dawa, mmoja amlinde mgonjwa na jua, maana zombi la mwanakijiji huungua mchana. Mimi naipenda kazi hii kuliko zote katika mchezo. Inalipa, na inalipa kwa sababu umemtendea mtu wema.

Shikamoo Dada. Rafiki yangu alipata kitabu cha nguvu ya Mending kwa kuvunja na kurudisha kituo cha mkutubi mara nyingi. Je, ule si wizi? Na mimi nifanyeje? — Msomaji wa darasani

Marahaba. Si wizi. Ndivyo mchezo ulivyo tangu vijiji vilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019. Mwanakijiji asiye na kazi hushika kazi ya kituo atakachokikuta: pipa la mboji humfanya mkulima, kinoo humfanya mhunzi wa silaha, marufaa ya kitabu humfanya mkutubi. Asiyeshika kazi yoyote ni yule mwenye joho la kijani, naye usimsumbue. Mradi hujafanya naye biashara hata moja, ukivunja kituo anaacha kazi, ukikirudisha anaishika tena akiwa na orodha mpya. Ukishanunua au kuuza mara moja tu, kazi na orodha vinabaki hivyo milele.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Usimuuzie mkutubi mpya karatasi kwa haraka ya zumaridi mbili ukafunga orodha isiyo na maana. Angalia kwanza anauza kitabu gani.

Mending inafanya kifaa chako kijitengeneze kila unapookota pointi za uzoefu, mbili za uimara kwa kila pointi, mradi umekishika au umekivaa. Sululu ya almasi yenye Mending inaweza kukaa nawe muda wote wa dunia hiyo. Bei yake kwa mkutubi ni kati ya zumaridi 10 na 38, pamoja na kitabu kimoja kitupu. Ikitokea kwa 38, una uamuzi: kuikubali au kuendelea kuvunja. Mimi ningeikubali, kwa sababu bei inaweza kushushwa baadaye kwa kuponya kama nilivyomweleza Mama wa watatu, lakini subira yako nayo ina mwisho.

Gharama ya marufaa: kabati moja la vitabu na mbao bapa nne. Kabati ni mbao sita na vitabu vitatu. Kila kitabu ni karatasi tatu na ngozi moja. Kwa hiyo beba karatasi tisa na ngozi tatu, na shoka la kuvunjia. Fanya mchana, wakati wa saa zao za kazi, na hakikisha hakuna mwanakijiji mwingine asiye na kazi karibu, la sivyo atakuja kulichukua marufaa wewe ukimngoja wa kwanza.

Yule mfanyabiashara mwenye joho la buluu na llama wawili anafaa kitu? — Mpita njia

Mara chache. Huja mwenyewe, hukaa muda, huondoka, na bidhaa zake zikiisha hazijazwi. Mche wa mti kwa zumaridi tano ni ghali kwa aliye msituni, lakini kwa aliyejenga jangwani au kisiwani ambako mti huo haupo, ni msitu mzima kwa zumaridi tano. Mtazame kwa jicho hilo tu. Usiku hunywa dawa ya kutoonekana, kwa hiyo ukimkosa, subiri kupambazuke.

Dada, nimefika Nether, ile dunia ya moto, nikawapa piglini dhahabu wakanipa changarawe. Nimeonewa? — Mwenye hasira

Hujaonewa, kaka. Piglini, walioingia mchezoni mwaka 2020, hawana orodha ya bei. Wewe unatupa kipande cha dhahabu, wao wanakitazama, kisha wanakutupia chochote: changarawe, uzi, ngozi, obsidiani, lulu za enda, dawa ya kuzuia moto. Ni bahati. Anayekwenda kwao na vipande vichache atarudi na changarawe. Anayekwenda na rundo zima ataona lulu na obsidiani zikianza kujitokeza. Dhahabu ya kazi hiyo ichimbe hukohuko Nether, ila mbali na macho yao, kwa kuwa wakikuona unavunja madini ya dhahabu au unafungua sanduku karibu nao wanakushambulia. Na vaa angalau kiatu kimoja au kofia ya dhahabu kabla hujavuka mlango. Usipovaa, hakuna mazungumzo.

Ushauri wangu: waendee kwa ajili ya lulu na dawa ya moto. Vitu vingine karibu vyote unavipata kwa urahisi kijijini au mezani kwako.

Habari za kazi. Tuko marafiki sita katika dunia moja. Tulikubaliana zumaridi iwe pesa yetu, lakini sasa mmoja ana masanduku yaliyojaa na bei zimekuwa za ajabu: anatoa zumaridi 64 kwa kitu cha kipuuzi na sisi hatuwezi kushindana. Pia amewafungia wakutubi wote kwenye jengo lake. Tufanyeje? — Sita katika moja

Swali hili nimelifurahia kuliko yote, kwa sababu mmejifunza wenyewe jambo ambalo wengi husoma bila kulielewa. Zumaridi haiwezi kuwa pesa kati ya wachezaji. Nimeeleza juu: huoteshwa. Mwenzenu hajafanya hila yoyote. Amepanda sprusi na matikitimaji, ameweka mafundi mishale kadhaa, na sasa kila siku ya mchezo anatengeneza pesa mpya. Pesa ikiongezeka na bidhaa zikabaki zilezile, bei lazima zipande. Nyinyi mnaochimba na kujenga mnalipwa kwa kitu anachokivuna bila jasho.

Chuma nacho hakifai, maana yapo mashamba ya sanamu za chuma yanayokizalisha mchana na usiku. Dhahabu vilevile, kwa wanaovuna piglini waliogeuka zombi. Hamieni kwenye almasi. Hakuna mwanakijiji anayeuza almasi tupu. Hakuna mmea unaoizaa. Inapatikana ardhini na katika masanduku ya magofu, basi, na kila mmoja wenu anaweza kwenda kuitafuta kwa sululu yake. Inatumika pia, kwa hiyo inapungua mikononi mwa watu: mmoja ataunda deraya, mwingine atanakili vielelezo vya netheraiti. Almasi tisa zinakuwa tofali moja na tofali linarudi kuwa almasi tisa bila hasara, kwa hiyo malipo makubwa hayatawasumbua. Ndiyo sababu seva nyingi za pamoja zimejikuta zikitumia almasi bila kuamriwa na mtu.

Wekeni bei kwa kazi, si kwa vitu tu. Rundo la magogo ni rahisi kwa mwenye shamba la miti, lakini kusawazisha mlima kwa ajili ya nyumba ya mwenzako ni jioni nzima. Hiyo inastahili almasi zaidi. Anayejenga vizuri aijue pia mashine ya kukatia mawe, ambayo ni kipande kimoja cha chuma na mawe matatu yaliyochomwa. Kwenye meza ya kuundia mawe sita yanatoa ngazi nne za kupandia. Kwenye mashine hiyo kila jiwe ni ngazi moja. Mjenzi asiyeijua anatoza zaidi kwa sababu anapoteza theluthi ya mawe, na hapo mteja ana haki ya kulalamika.

Ama wakutubi waliofungiwa, msigombane naye wala msivunje jengo lake. Mkivunja na mmoja wenu akamuua mwanakijiji mbele ya wengine, huyo atakumbukwa kwa ubaya na bei zitampandia. Zaeni wenu. Tafuteni kijiji kingine, mchukue wanakijiji wawili kwa mashua. Mashua ina nafasi mbili, mmoja wenu anapiga kasia na mwanakijiji anakaa nyuma, kwa hiyo ni safari mbili. Inatembea hata nchi kavu, polepole, basi fuateni mto ikiwezekana. Wawekeni mahali penye vitanda vitatu: viwili vyao na kimoja cha mtoto, na nafasi wazi juu ya vitanda. Mtupieni kila mmoja mikate mitatu, au karoti 12, au viazi 12. Wakiridhika, mioyo itaonekana juu ya vichwa vyao. Mtoto hukua kwa dakika 20, na dakika hizo ndizo za kuunda marufaa, maana akikua na kukikosa kituo cha kazi atazurura hadi ashike cha jirani.